Mzee Valerian na Filamu Isiyo na Sauti

Haya yote ni kweli. Si kweli ile ya "nimesikia", wala ile ya "jirani yangu ana shemeji yake". Ni kweli ya mtu kushika kitabu kitakatifu, tena kile kikubwa cha mbele ya kanisa. Hakuna nukta iliyoongezwa, na kama ipo, imeongezwa kwa nia njema na haizidi moja. Anayebisha ashuke Mtoni, avuke Barabara ya Kilwa kwa uangalifu, aulize banda la Faraji liko wapi. Ataonyeshwa na mtu anayecheka.

Mzee Valerian Komba, Mngoni wa Peramiho, alikuwa karani wa stoo bandarini kwa miaka thelathini na moja, mpaka walipompa saa ya ukutani wakamwambia akapumzike. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia yake ya pama aliivua kanisani tu. Shule aliishia darasa la saba. Mengine yote alijifundisha mwenyewe, na kwa kuwa mwalimu alikuwa yeye na mwanafunzi yeye, hakuwahi kufeli mtihani hata mmoja.

Miongoni mwa aliyojifundisha ni Kihindi, Kichina, Kikorea na Kituruki. Ndiyo maana Faraji, mwenye banda la kuonyeshea filamu, alimkabidhi kipaza sauti. Lilikuwa banda la mabati lenye mabenchi kumi na mawili na ukuta mmoja uliopakwa chokaa, ambao projekta iliumulika. Filamu ya ng'ambo ikianza, Mzee alikaa pembeni ya ukuta ule na kuwaambia watu kinachosemwa.

Ukweli ni kwamba hakuelewa hata neno. Aliangalia midomo. Mchina akifoka, Mzee alisema, "Anadai shamba la babu yake." Mkorea akilia dirishani, "Mwenye nyumba kapandisha kodi, jamani." Kwa tafsiri zake, dunia nzima ilikuwa na ugomvi wa viwanja, na watu wa Mtoni walifarijika kusikia hivyo. Siku moja alimwoza steringi, yule shujaa wa filamu, vizuri kabisa, kwa vigelegele, wakati ukutani steringi huyo anazikwa. Mtu akauliza mbona bwana harusi anafukiwa. Mzee hakutetereka. "Mila za watu hizo," alisema. "Huwa wanamfukua kesho yake asubuhi."

Watu walimpenda. Bandani alisikilizwa, na hapo ndipo penyewe, maana nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Aliishi na binti yake Noela, mwalimu wa sekondari, binti mwema asiyemnyima baba yake kitu isipokuwa sikio. Mzee akianza tu "Enzi zetu bandarini", Noela alichomeka eafoni, akawa anaitikia kwa kichwa. Aliitikia hata pale Mzee aliponyamaza. Aliitikia hata Mzee alipotoka chumbani.

Basi siku ya Jumatatu Mzee alifika bandani, akamkuta Faraji amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba. Mbona uso kama umenyonya limao?"

"Jana tulikuwa watu tisa humu. Wawili walikimbia jua, mmoja alikuwa anamsubiri fundi." Faraji akapiga benchi kofi. "Zamani filamu ilikuwaga inatoka huko, inakaa kwenye majumba ya sinema ya mjini, ikichoka ndiyo inakuja kwetu, imekwaruzwa lakini imekuja. Tulikuwa wa mwisho ila tulikuwemo. Siku hizi inatoka asubuhi, na asubuhi hiyohiyo iko kwenye simu ya muuza mchicha. Anaangalia huku anafunga mafungu. Sasa huyo aje kwangu kufuata nini? Kunguni?"

"Kunguni wako nao wamepungua."

"Mzee, siyo utani. Kuna Mhaya mmoja wa Buguruni, Theonest, muuza simenti. Anataka banda liwe stoo yake. Jumatatu ijayo anakuja kuchukua jibu."

Mzee Valerian aliangalia mabenchi. Akajaribu kuyawazia yakiwa mifuko ya simenti, imepangwa mpaka juu, imenyamaza. Akajiona naye amerudi sebuleni kwa Noela, anakiongelesha kichwa kinachoitikia. Hapo ulimi ukateleza, kama kawaida yake, ukaenda mbele kabla yeye hajavaa viatu.

"Usimjibu kitu huyo," alisema. "Ile filamu yetu inatoka Ijumaa."

"Filamu yenu? Wewe na nani?"

"Mie na wenzangu. Ile waliyoipigia hapa Mtoni mwaka jana. Kijana anayelisaka lori la marehemu baba yake."

Faraji akakuna kidevu. "Mzee, si ulikaa tu pale mgahawani, wakakupa na sahani ya wali?"

"Faraji, mwanangu. Kwenye filamu, mkubwa haonyeshwi ukubwa wake hadharani. Mie ndiye ninayemwongoza steringi. Bila mie anakufa dakika ya kumi. Wewe ionyeshe hapa Jumamosi saa kumi jioni, uone kama Mtoni nzima haitaingia humu kumwangalia mtu wao."

Faraji alikuwa mtu wa kuamini, ndiyo maana alikuwa bado anaonyesha filamu. Alifikiri, akasema, "Sawa. Jumamosi. Banda likijaa benchi hadi benchi, Mhaya namwambia aende zake. Lisipojaa, Mzee wangu, Jumatatu tunapokea simenti."

Sasa ikabaki kazi moja, nayo ilikuwa nzito. Filamu ingetoka Ijumaa kwenye apu, nayo apu ilikuwa kwenye kila simu. Nani atakuja Jumamosi kuangalia alichokwisha kukiona Ijumaa akiwa amejilaza? Mzee aliiona wazi: lazima simu zichafuliwe jina.

Alianzia kwa Vaileth, aliyekaanga vitumbua na kuuza chai karibu na banda. Vaileth alikuwa Mhehe wa Iringa, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio mlima wa pili. Kwa kuwa Wahehe na Wangoni ni watani, hapakupita siku bila hao wawili kurushiana maneno.

"Karibu, Mngoni. Tuliwatandika vitani, mkakimbia mkaacha viatu."

"Enzi zile hatukuwa tunavaa viatu."

"Ndiyo maana mlikimbia vizuri."

Waliokuwa wanakunywa chai wakacheka. Mzee akaagiza vitumbua viwili, akangoja kicheko kiishe, kisha akasema kama mtu anayeongea na kikombe chake:

"Mnajua kwenye simu filamu haiingiagi yote?"

Mwishehe, fundi baiskeli, akainua kichwa. "Haiingii kivipi?"

"Bwana Mwishehe, wewe fundi. Filamu ukubwa wake ukuta mzima. Simu ukubwa wake kiganja. Ukiambiwa imeingia yote, akili yako inakubali? Wanaipunguza. Kuna kijana kule Kigamboni aliangalia filamu nzima kwenye simu, saa mbili kamili. Walipomuuliza steringi alivaa viatu gani, hajui! Miguu hakuiona. Ilikatwa ili mtu atoshee."

Mwishehe akafikiri sana. "Kweli bwana. Ile ya juzi na mie miguu sikuiona."

"Umeona?"

"Sikuona."

"Ndicho ninachosema. Halafu kuna chaji. Filamu ya vita inakula chaji mara tatu, kwa sababu ya mabomu. Ya mapenzi inapasha simu moto, jaribu uone. Na ya mafuriko, Mungu apishe mbali, usiiangalie simu ikiwa mfukoni mwa shati."

"Na hiyo yenu, mtani," Vaileth akauliza huku anageuza kitumbua, "inakula nini?"

"Hiyo inamaliza bando dakika ya nane. Kabla sijatokea."

"Ha! Hata bando linakukwepa."

Lakini maneno yalikwisha kutoka. Kufikia Jumatano yalikuwa Mbagala. Kufikia Alhamisi yalivuka maji kwenda Kigamboni, yakarudi yamenenepa. Mzee mwenyewe alisimamishwa sokoni na mtu asiyemjua, akaonywa kwa sauti ya chini kwamba filamu za kwenye simu zinakatwa miguu, na kwamba yupo kijana mmoja hospitali, naye ameanza kutembea vibaya. Mzee alishukuru kwa taarifa. Alipofika nyumbani alichungulia simu ya Noela, iliyokuwa inaonyesha mchezo fulani, ahakikishe kama miguu ipo. Ilikuwepo, lakini aliona kama imefupishwa kidogo.

Ijumaa, Noela aliporudi kutoka shule, alimkuta baba yake amekaa sebuleni amevaa koti.

"Noela, mwanangu. Hebu nitolee ile filamu."

"Baba, si wewe unayetangaza mtaa mzima kwamba simu inakata miguu?"

"Nataka kujua kama wamekata ya kwangu."

Wakaangalia, eafoni moja sikio la binti, nyingine sikio la baba. Dakika ya tisa steringi aliingia mgahawani, akaketi, akaagiza chai. Nyuma yake, kwa mbali, kulikuwa na kofia ya pama. Chini ya kofia, kisogo. Kisogo kilikaa pale kwa muda wa kumeza tonge moja, kikatikisika kidogo, kisha bega la steringi likakifunika. Waliangalia mpaka majina yakapanda na kwisha. Kisogo hakikurudi, wala jina la mwenye kisogo halikupanda na wenzake.

"Baba," Noela alisema, "kumbe una kisogo kizuri."

Mzee hakujibu kitu. Noela akamwangalia, akaona hajibu kweli, akaogopa. Alichomoa eafoni sikioni bila kuombwa. "Baba, unaumwa?"

Hakuwa anaumwa. Alikuwa anahesabu hasara. Mtoni nzima ingekuja kesho kumwona mkubwa wa steringi, ikute kisogo. Kibaya zaidi, filamu yenyewe ilikuwa ya Kiswahili tupu! Ingekuwa ya Wakorea, angejipa hata urais. Lakini hawa walisema wenyewe, kwa midomo yao, kila mtu akisikia, na msimuliaji hana kazi.

Alilala na wazo hilo, akaamka na lingine. Kulipokucha alikumbuka kwamba filamu ile, kama nyingi za kwetu, nusu yake ni steringi anatembea na simu sikioni. Anatoka nyumbani, anaongea na simu. Anapanda ngazi, anaongea na simu. Anaongea na nani? Haonyeshwi. Mzee alikaa kitandani wima. Kama sauti isingesikika, huyo wa upande wa pili angeweza kuwa mtu yeyote. Angeweza hata kuwa mstaafu wa bandari.

Jumamosi saa tisa na nusu banda lilikuwa limejaa. Saa kumi kasoro lilikuwa limefurika. Kina mama walikaa na watoto wao magotini, Mwishehe alikuja na spana mkononi, na waliokosa benchi walijipanga ukutani kama majembe. Theonest wa simenti naye alikuwepo, shati limenyooshwa kwa pasi ya moto kweli, amekuja kupima banda. Alikosa hata pa kukunjulia futi yake, akasukumwa, akajikuta ameketi kati ya mama mmoja na ndoo yake. Faraji alisimama mlangoni, macho yamemlowa kwa furaha. Aliwasha projekta. Picha ikatokea ukutani. Sauti haikutokea.

"Waya!" Faraji alinong'ona. "Ule waya wa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye spika! Asubuhi ulikuwa hapa!"

Alitafuta chini ya meza, akatafuta nyuma ya spika, akamshuku panya. Watu wakaanza kuzomea. Hapo Mzee Valerian akasimama taratibu, akavuta kipaza sauti, ambacho waya wake ulikuwa salama kabisa.

"Ndugu zangu, msiwe na wasiwasi," alisema. "Kompyuta imepata mafua, lakini mwenye filamu yupo. Kila lililosemwa humu mie nilikuwepo likisemwa. Faraji, iache itembee."

Ikatembea. Na siku hiyo, hata wasiompenda wanakiri, Mzee alisimulia kuliko siku zote. Lori likaibwa, akalifanyia sauti yake, mpaka mtoto mmoja akakohoa moshi. Steringi akalia, Mzee akalia, tena kwa Kingoni. Dakika ya tisa, mgahawani, akashusha sauti.

"Nani yule?"

"Mzeee!" banda likaitikia, mabati yakatikisika.

"Mbona umetupa mgongo?" mtu akapaza sauti.

"Ningegeuka, maadui wangenijua."

Makofi. Kisha steringi akatoka nje, simu sikioni.

"Sasa anampigia nani?"

"Anakupigia weweee!"

"Naam. Nipo Mbagala, nimejificha kwenye gunia. Ananiambia, Mzee, wamenizunguka. Namwambia, kijana, kata kushoto." Na steringi ukutani akakata kushoto, maana Mzee alikwisha kumwona jana yake. "Namwambia, ruka ukuta." Akaruka. "Funga kamba ya kiatu, usianguke." Akainama akafunga, banda likapiga yowe, na viatu vikaonekana wazi, vyote viwili. Mwishehe alisimama akaonyesha kwa spana. "Miguu hiyo! Miguu ile pale!"

Kila simu iliyopigwa humo ikawa ya Mzee. Steringi alipigiwa na Mzee kitandani, garini, hata msalani. Faraji aliwatazama watu, akamtazama Theonest, akatabasamu.

Halafu kitu kikaanza kwenda mrama benchi la nyuma.

Mama wa steringi alikuwa anakata roho, Mzee anasimulia kwa maneno yake mwenyewe na sauti ya kuchinjwa, na benchi la nyuma likacheka. Mzee akashtuka, akaendelea. Akasimulia kichekesho cha polisi na embe, alichokitunga mwenyewe, na kule nyuma Vaileth akajifuta machozi kwa kanga. Mzee akakaza macho gizani. Akaona uzi mweupe umetoka sikioni mwa Vaileth, ukashuka, ukapanda sikioni mwa Mwishehe. Kwenye paja la Vaileth kulikuwa na mwanga mdogo. Kwenye mwanga ule kulikuwa na filamu ileile, ameisukuma mpaka imelingana na ya ukutani, na bando lake halikuisha dakika ya nane wala ya sitini.

Akaangalia benchi la kumi. Uzi mwingine. La tisa, nyuzi mbili. Watu walikuwa wanaguswa bega, wanapewa sikio moja, wanasikiliza, wanaziba mdomo, wanampasia mwenzao. Ukweli ulikuwa unakuja mbele benchi kwa benchi, na Mzee akauona unavyokuja. Lakini aache katikati? Theonest anatazama!

Steringi alikuwa sasa amesimama kwenye kibaraza, simu sikioni, anatabasamu peke yake.

"Hapa," Mzee alisema kwa sauti isiyo na nguvu, "hapa ananishukuru. Ananiambia, Mzee Valerian, wewe ndiye uliyenifanya mtu."

Banda zima likaangua kicheko. Vaileth alisimama, kanga imemteleza, uzi unaning'inia.

"Mtani! Huyo anayeongea naye ni wewe?"

"Ni... ni mie."

"Una hakika?"

"Nani mwingine?"

"Basi sikilizeni, nyie mliokosa sikio!" Vaileth alichomoa uzi, akainua simu juu, sauti yote. Na banda lote likamsikia steringi, kwa Kiswahili kisichohitaji msimuliaji, akisema: "Baby, nimekumisi. Umevaa lile gauni langu jekundu?"

Kilichotokea hapo hakielezeki. Mtu alianguka kutoka kwenye benchi, akabaki chini kwa hiari yake. Mama mwenye ndoo aligonga ndoo. "Gauni jekundu!" walipiga kelele. "Mzee, umelivaa?" "Ndani ya gunia, Mbagala!" Theonest alicheka kihaya, kwa heshima, kisha heshima ikamshinda akacheka kama watu wengine.

Faraji peke yake hakucheka. Alikuja mbele, akanyoosha mkono. "Mzee wangu. Waya."

Mzee alipapasa mfuko wa kushoto, akaona haya kwenda moja kwa moja ulipo. Kisha akautoa kwenye mfuko wa ndani wa koti. "Nilikuwa nautunza," alisema. "Panya."

"Hela zetu!" ikapaa sauti kutoka kwa waliojipanga ukutani. "Tulilipia filamu, hatukulipia gauni!"

"Umesikia?" Faraji alimwambia Mzee kwa sauti ya chini. "Nikirudisha hela, hawa wanatoka. Wakitoka, banda halikujaa. Na mwenye simenti yule pale ameshika futi."

Mzee alivua kofia mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea nje ya kanisa.

Aliyemwokoa, kama ni kumwokoa, ni Vaileth. Mtani ana haki ya kutoza faini, na faini ya mtani hairudishwi nyuma. Huo ndio utaratibu, hata msibani. Vaileth alimnyang'anya kofia, akaivaa juu ya kilemba chake, akageukia watu.

"Nani anataka hela yake, na nani anataka kumwona Mngoni huyu akiadhibiwa?"

"Aadhibiwe!"

"Filamu inaanza upya, na sauti yake. Yeye anakaa benchi la mbele, katikati, amefunga mdomo. Mdomo! Asisimulie, asieleze, asigune. Akifungua mdomo mara moja, benchi moja linakunywa soda, yeye analipa. Mkubali mkae, mkikataa nendeni."

Hakuna aliyekwenda. Hata waliokuwa wanapita njiani waliingia. Faraji aliburuta friji ya soda mpaka karibu na mlango, akauchomeka waya, na filamu ikaanza tangu mwanzo, inanguruma.

Mzee alikunja mikono. Dakika ya pili lori lilitokea, naye akasema, "Hilo lori nalijua, lilikuwa la—"

"SODA!"

Benchi la kwanza likanywa. Dakika ya nne alisema "Aa." Wakabishana kidogo kama "Aa" ni kufungua mdomo, Mwishehe akaamua kwamba ni kufungua nusu, Vaileth akasema nusu ya mtani ni nzima. Benchi la pili likanywa. La tatu alilipia kwa kuwaambia wasifanye kelele. Hakuna tena aliyekuwa anaangalia ukutani. Watu walikuwa wamegeukia mdomo wa Mzee, wameinama mbele, kama wanaoangalia penalti.

Dakika ya tisa, kisogo kilitokea. Mzee alikitazama. Aliuma ngumi, na kisogo kikapita zake. Hakusema neno! Watu wakampigia makofi ya dhati, na Theonest akamwinamia Faraji.

"Bwana Faraji, Jumatatu usinisubiri," alisema. "Simenti haiozi. Mie nitarudi Jumamosi. Huyu mzee anakuwepo kila Jumamosi?"

Mzee aliyasikia hayo. Furaha ikamjaa mpaka kooni, lakini kwa kuwa alikuwa amefunga mdomo, ilibidi aimeze. Akakaa hivyohivyo, kimya, dakika kumi, ishirini, thelathini. Vaileth mwenyewe akaanza kumwonea huruma.

Ndipo steringi alipoamua kwenda Kigamboni kulifuata lori. Akafika Magogoni, akaingia kwenye kivuko na gari lake, wakamwonyesha anaangalia maji kwa huzuni. Picha ikabadilika, naye akawa anashuka na gari lilelile, upande wa pili, kutoka darajani, mbali kabisa na kivuko.

Mabega ya Mzee Valerian yakaanza kupanda. Masikio yakasogea. Alishika benchi kwa mikono miwili.

"Kivuko hakitokei hapo!" alilipuka, ameshasimama, kidole ukutani. "Huyo kapanda pantoni Magogoni! Sasa daraja kalipatia wapi? Alivuka maji mara ngapi? Huo ni uongo! Uongo mtupu wa mchana, mnadanganywa!"

"SODAAA!"

"Lakini nasema kweli! Faraji! Bwana Theonest! Nani hapa hajui pantoni inatokea wapi? Ni kweli kabisa!"

"Ni kweli," Vaileth alikubali, huku anafungua friji na kuhesabu chupa za benchi la nne. "Hatukukukataza kudanganya, mtani. Tulikukataza kufungua mdomo."

Mzee aligeuka kulitazama banda zima, akatafuta hata mtu mmoja wa kumtetea. Wote walikuwa wamenyoosha mikono kupokea. Akaingiza mkono mfukoni.

"Ya nanasi imekwisha," alisema Faraji. "Chukueni hizi nyekundu, nyekundu kama gauni."

"Na mwenye ndoo apewe mbili," alisema Mzee kwa uchungu, na hapo benchi la tano likashangilia, maana alikuwa amefungua mdomo tena.